Gede na Mnarani kwa gari la kukodi na mwongozaji: tathmini ya safari ya siku moja kutoka Malindi

Mtu aliyeko Malindi akitaka kuyaona magofu ya mji wa kale wa Gede hahitaji kukodi gari wala kumlipa mwongozaji. Matatu za Kilifi na Mombasa hupita njia hiyo mchana kutwa. Unashuka stendi ya Gede, unapanda bodaboda au unatembea, na baada ya muda mfupi uko langoni, kiasi cha kilomita 16 tu kutoka mjini. Nimeanza na hilo kwa sababu matangazo ya safari za binafsi, yale yanayobandikwa hotelini na yale yanayosambazwa kwa simu, huandikwa kana kwamba bila gari lao mtu hafiki. Unafika. Swali ninalotaka kulijibu hapa ni kama fedha ya ziada unayoitoa kwa safari ya siku nzima, yenye gari lenu peke yenu na mtu wa kuwaeleza, inakurudia. Na jibu langu ni kwamba kwa Gede inarudi yote, tena kwa faida, ilhali kwa vituo vilivyoongezwa ili kuijaza siku hairudi.

Tulikuwa watu watano: mimi na mke wangu, watoto wetu wawili wa shule ya msingi, na shangazi yangu, dada yake marehemu baba, ambaye alizaliwa na kukulia Mkomani, Lamu, katika nyumba ya mawe ya wazee wake, na ambaye alikuwa amekuja kutukalia siku chache. Yeye ndiye aliyetaka kwenda. Alikuwa amesikia redioni kwamba Gede imeingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, jambo lililofanyika Julai 2024 na kuifanya kuwa mahali pa nane pa Kenya katika orodha hiyo, na akasema si haki aijue Lamu iliyoandikwa humo tangu 2001 na asiijue dada yake. Kwa kuwa miguu yake haimruhusu tena kugombania kiti cha matatu, gari la binafsi lilikuwa la lazima.

Huduma tuliyoichukua ni ya watu wadogo wa hapa hapa Malindi, wenye gari moja au mawili na waongozaji wanaowaita kwa siku. Sitawataja, maana nina ya kuwasifu na nina ya kuwalaumu. Mapatano yalifanyika kwa WhatsApp. Bei ilikuwa shilingi 14,000 kwa Toyota Noah, dereva, mafuta na mwongozaji, kuanzia asubuhi hadi magharibi, na mpango ulikuwa huu: Gede asubuhi, chakula cha mchana Watamu, magofu ya Mnarani ng'ambo ya daraja la Kilifi alasiri, kisha kurudi. Nilipouliza kama kuna malipo mengine niliambiwa kila kitu kimo. Tulipofika langoni Gede ikabainika kwamba kiingilio hakimo, wala cha Mnarani hakimo, na dereva akaomba radhi akisema siku zote huwa hivyo. Kwa raia wa Kenya kiingilio si kikubwa ukikilinganisha na kile wanachotozwa wageni wa nje, na watoto hulipa kidogo zaidi, kwa hiyo si fedha iliyonikera. Kilichonikera ni kwamba neno "kila kitu" lilitamkwa na mtu aliyejua wazi kuwa si kila kitu. Anayepanga safari ya namna hii aombe aandikiwe kilichomo na kisichomo, kitu kwa kitu, kabla ya kutuma amana.

Gari lenyewe sina neno nalo. Lilifika kwa wakati, lilikuwa safi, mikanda ilifanya kazi, na dereva hakukimbia.

Sasa nije kwa mwongozaji, kwa sababu yeye ndiye safari. Alikuwa mtu wa makamo, Mgiriama aliyezaliwa jirani na msitu wenyewe, mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. Alimwamkia shangazi, "Shikamoo, Bi mkubwa," akasubiri aitikiwe, kisha akamuuliza kama anaweza kutembea muda mrefu au angependa tupumzike mahali mahali. Swali lake la pili lilikuwa kama tungependa maelezo kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na tulipomwambia Kiswahili alionekana amefurahi kweli. Inasikitisha kwamba swali hilo linahitaji kuulizwa Malindi, lakini ndivyo ilivyo: waongozaji wengi wamefunzwa kuyasema mambo haya kwa Kiingereza na Kiitaliano, na wakitakiwa kuyasema kwa Kiswahili hutafuta maneno. Huyu hakutafuta. Mihrabu aliiita mihrabu, kibla kibla, birika birika, na vile vijidirisha visivyopenya vya ukutani aliviita zidaka, na shangazi akatikisa kichwa kukubali.

Jambo la kwanza alilolifanya ndilo lililonionyesha kwamba tumepata mtu anayeijua kazi yake. Wageni wengi wakishaingia huelekezwa moja kwa moja kwenye jumba la mfalme na msikiti mkuu, kwa kuwa ndiyo majengo yanayopendeza katika picha. Yeye alitupitisha kwanza msituni, penye miti mirefu na hakuna kuta za kutosha kumfanya mtu atoe simu yake, akasimama, akatuuliza tunaona nini. Watoto wakasema miti. Akawaambia kwamba hapo waliposimama ndipo walipoishi watu wengi wa mji. Gede ilikuwa na kuta mbili: ukuta wa nje, unaozunguka eneo la ekari zipatazo 45, na ukuta wa ndani uliozunguka msikiti mkuu, jumba la mfalme na nyumba za mawe za wenye mali. Katikati ya kuta hizo mbili kulikuwa na nyumba za udongo na miti, zenye makuti, za wafanyakazi, wakulima na mafundi. Nyumba hizo zilioza zikarudi ardhini, na ndiyo maana leo tunaona msitu na kudhani mji ulikuwa ni yale mawe machache tu. Wakazi wa mji mzima hukadiriwa kuwa 2,500 au zaidi. Mimi nimeishi Malindi miaka mingi na nimefika Gede tangu nikiwa mwanafunzi, na hakuna aliyewahi kunisimamisha mahali pale na kunionyesha kwamba nafasi tupu nayo ni mji. Baada ya maelezo hayo kila tulichokiona ndani ya ukuta wa pili tulikiona kwa kipimo chake, kwamba haya ni makao ya wachache waliokuwa na uwezo wa kujenga kwa mawe na chokaa.

Tulipofika kwenye kaburi lenye tarehe, lile lililoandikwa mwaka 802 wa Hijria, hakuutamka mwaka wa Kizungu. Aliwauliza watoto, ambao jioni huenda madrasa, sasa tuko mwaka gani wa Hijria, akawataka watoe 802 waone ni miaka mingapi imepita. Walihesabu kwa vidole na kwa kubishana. Ndipo akawaambia kwamba mwaka huo ni sawa na 1399, na kwamba tarehe hii ina thamani kubwa kwa wataalamu kwa sababu ni mahali pachache sana katika mji huu pamejitaja mwaka wake wenyewe. Mengine yote hupimwa kwa vyombo vilivyofukuliwa, hasa kauri za China, ambazo mitindo yake inajulikana ilitengenezwa nyakati gani. Shangazi aliomba tusimame kidogo akasoma Fatiha. Mwongozaji akanyamaza na kurudi nyuma hatua chache, na hakutazama saa.

Katika msikiti mkuu alitumia muda mrefu, na sikuona dakika iliyopotea. Msikiti huu ulijengwa karne ya 15 na baadaye ukajengwa upya; paa lake limekwisha kuanguka, lakini safu za nguzo zinaonekana, na mihrabu bado ina nafasi za duara ambamo mabakuli ya kauri yalikuwa yamepachikwa. Juu ya mlango mmoja pamechongwa ncha ya mkuki, na mwongozaji alisema waziwazi kwamba maana yake inabishaniwa, akatueleza kwamba miji mingi ya pwani ina mkuki katika masimulizi yake ya utawala, akaishia hapo. Nje kuna kisima na birika la kutilia udhu. Alituonyesha maji yalivyotoka kisimani kuingia birikani, na kwa nini watu wa mji usio na mto walichimba visima virefu hivyo. Nalitaja kwa sababu alilirudia baadaye, tulipofika kwenye suala la kuhamwa kwa mji.

Nyumba za mawe zilizo karibu na jumba la mfalme zina majina ya vitu vilivyokutwa ndani yake wakati wa ufukuzi: nyumba ya kauri, nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kisanduku cha pembe, nyumba ya ushanga wa Venice. James Kirkman, aliyeongoza ufukuzi hapa kuanzia 1948 kwa takriban miaka kumi, ndiye ambaye kazi yake imezaa majina hayo. Mwongozaji alikumbusha kwamba hayo ni majina ya vitu, na kwamba wenye nyumba hawajulikani, na mimi nikaona hilo ni jambo ambalo kila mgeni anapaswa kuambiwa, kwa sababu ukishasikia "nyumba ya mkasi" mara nyingi unaanza kudhani hapo aliishi fundi cherehani.

Ni katika mojawapo ya nyumba hizi ndipo safari ilipokuwa yetu hasa. Chumba kilikuwa kirefu na chembamba. Shangazi aliingia, akaweka kiganja ukutani, akanyoosha fimbo yake upande wa pili, ikabaki kidogo tu iguse ukuta wa ng'ambo.

"Chumba hiki kimepimwa na boriti," akasema.

"Kivipi, Bi mkubwa?" mwongozaji akauliza.

Akamweleza kwamba dari ya nyumba ya mawe hulazwa juu ya boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ina urefu wake, ikizidi hapo haibebi mawe na chokaa; basi mwenye nyumba anaweza kukirefusha chumba chake apendavyo, lakini kukipanua hawezi, akitaka nafasi zaidi ataongeza chumba kingine nyuma ya hiki. Nyumba ya wazee wake Mkomani imejengwa hivyo hivyo, vyumba vikifuatana kutoka uani kuingia ndani, na kile cha ndani kabisa ndicho cha bibi harusi, cha uzazi na cha maiti. Mwongozaji alisema kwamba jambo la boriti alikuwa akilijua kutokana na mafunzo yake, lakini habari za chumba cha ndani hakuwahi kuzisikia kutoka kwa mtu aliyelala ndani yake. Akatoa daftari. Akamuuliza kuhusu zidaka ziliwekwa nini, kuhusu matundu ya vigingi ukutani, kuhusu mahali pa taa, na shangazi, ambaye nyumbani ni mtu wa maneno machache, alijibu kila swali akiwa ameketi juu ya ukingo wa mawe wa baraza, huku watoto wamekaa chini mbele yake.

Walipofika kwenye choo, chenye shimo lililojengewa kwa mawe na pembeni mahali pa kujitawadhia, shangazi hakuhitaji kuelezwa chochote. Badala yake aliwaeleza watoto kwamba Lamu, chini ya birika la chooni, hupachikwa bakuli la kauri ya China, na humo birikani hutiwa samaki wadogo wanaokula viluwiluwi vya mbu, na maji yakipungua samaki hukimbilia bakulini. Mtoto wangu mdogo akauliza kama na Gede palikuwa na samaki. Mwongozaji akajibu, "Hilo sina ushahidi nalo, mwanangu," na sentensi hiyo peke yake, kwangu mimi, inastahili nusu ya ada yake.

Kundi la namna hii haliwezi kusimama hivyo katika safari ya basi. Kundi la watu thelathini lina ratiba, lina mtu anayeshika bendera, na mzee akiketi kuzungumza atasubiriwa kwa adabu dakika mbili kisha ataachwa. Tulikuwa karibu na makundi kama hayo na nilisikia mwongozaji mmoja akiwaeleza wageni wake habari za mizimu na laana iliyoumaliza mji kwa usiku mmoja, nao wakapiga picha na kuondoka. Siwalaumu wageni. Lakini mji huu ulikuwa wa Waislamu wa pwani hii, waliosali, waliochimba visima, waliofanya biashara na China na Bara Hindi na Uarabuni, na kuwageuza kuwa hadithi ya kutisha ni kuwaondolea heshima.

Mwongozaji wetu alipoulizwa kwa nini mji ulihamwa, alianza na yale yaliyothibitishwa. Mji ulistawi zaidi karne ya 15, na kufikia mwanzoni mwa karne ya 17 haukuwa na watu tena. Wareno, ambao Vasco da Gama aliwafikisha Malindi mwaka 1498 na ambao walikaa hapo karibu karne nzima, hawakuuandika popote, ingawa ulikuwa umbali wa kutembea siku moja. Kisha akayataja makisio, kila moja kwa jina la makisio: mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani hii wakiteketeza miji, mwaka 1593 Wareno walimhamishia sheikh wa Malindi Mombasa, na nguvu za eneo hili zikahamia huko, Waoromo walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na maji ya visima huenda yalizidi kushuka. Hapo akakumbusha kisima cha msikitini. Akasema yeye mwenyewe anaelekea kwenye maji, lakini hakutaka tuondoke tukidhani kwamba jambo hilo limekwisha kuamuliwa. Mtoto mkubwa akachagua Wazimba, na wakabishana njia nzima hadi jumba la makumbusho.

Jumba hilo alikuwa ameliacha makusudi liwe la mwisho, na nadhani huo ndio utaratibu ulio bora, ingawa waongozaji wengi huanza nalo. Ukishaziona nyumba, ule ushanga wa Venice na ile taa ya chuma huwa ni vyombo vilivyotoka katika vyumba ulivyovikanyaga. Vinginevyo ni vitu vidogo ndani ya kioo.

Neno kuhusu kima. Wamo wengi, wamezoea watu, na baadhi ya wageni huingia na ndizi ili wawapande mabegani wapigwe picha. Mwongozaji wetu aliwakataza watoto kabla hata hawajaomba, akaeleza kwamba mnyama anayelishwa huanza kunyang'anya, na anayenyang'anya huuma. Namshukuru. Mwongozaji yeyote anayewauzia ndizi wageni wake aulizwe kwa nini.

Jirani na lango kuna mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga mabuu ya vipepeo na kuyauza nje ya nchi, ili msitu uwe na faida kwao ukiwa umesimama. Haukuwa katika mpango wetu. Mwongozaji aliuongeza bila malipo kwa sababu ya watoto, na ulichukua muda mfupi tu. Ningependa uwe katika kila mpango wa Gede.

Mpaka hapo nilikuwa tayari kuipa huduma hii sifa zote. Kilichofuata kiliharibu.

Chakula cha mchana tulipelekwa kwenye mkahawa wa Watamu uliochaguliwa na kampuni. Ulikuwa mzuri wa kutazama, wenye orodha ya vyakula kwa Kiitaliano na bei zinazolingana nayo, na ulichukua muda mrefu kupita kiasi kuleta samaki wa kuchoma. Shangazi alitaka wali wa nazi na mchuzi, hawakuwa nao. Kule Gede sokoni, hatua chache kutoka tulikotoka, kuna akina mama wanaopika wali, maharage ya nazi na samaki wa kupaka, na mwongozaji mwenyewe alituambia kwamba yeye hula huko. Nilipouliza kwa nini basi tusile huko nikajibiwa kwamba mkahawa umekwisha kuagizwa. Njiani tukasimamishwa tena kwenye duka la vinyago, ambalo halikuwa katika mpango na ambalo hakuna mmoja wetu aliyelihitaji. Inajulikana kwamba vituo vya namna hii huwa na asilimia ya dereva. Mtu anayelipa gari la binafsi amelipia saa zake, na saa hizo si za kugawiwa duka bila ya yeye kuulizwa.

Kwa sababu hiyo tulifika Mnarani tumechelewa. Kutoka Gede hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 40, na magofu yenyewe yako upande wa kusini, baada ya kuvuka daraja lililofunguliwa mwaka 1991, juu ya jabali linaloutazama mkono wa bahari. Ni mahali pa ajabu, na ninasema hivyo ili isidhaniwe kwamba lawama yangu ni juu yake. Kuna msikiti mkuu ambao mihrabu yake imezungukwa na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwa mkono wa fundi bingwa, kuna msikiti mwingine mdogo, kuna kaburi lenye mnara mrefu, na kuna mibuyu mikubwa inayowapa watu kivuli. Mji huu ulikaliwa kuanzia karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 17, sawasawa na miaka mingi ya Gede, na mtu mwenye nafasi angeweza kulinganisha mihrabu ya huku na ya kule, mawe ya huku na ya kule, akajifunza mengi. Sisi hatukuwa na nafasi. Muda wa kufunga ulikuwa umekaribia, watoto walikuwa wamechoka, na shangazi alibaki chini ya mbuyu mmoja akasema tukamtazamie sisi. Mwongozaji alijitahidi, alitupeleka mbele ya maandishi yale akasoma alichoweza kukisoma, lakini macho yake yalikuwa kwa dereva, na dereva alikuwa akitazama barabara.

Hili si kosa la mwongozaji. Ni kosa la mpango, na nimeona mipango mingi ya Malindi yenye kasoro hiyo hiyo: mteja anadhaniwa kwamba atahesabu vituo, basi vinaongezwa vituo. Ningeulizwa ningesema Gede ipewe asubuhi nzima hadi adhuhuri, chakula kiliwe sokoni, na alasiri warudi Malindi taratibu wakayaone makaburi yenye nguzo yaliyo karibu na Msikiti wa Juma, ambayo yako mjini na hayahitaji mwendo. Na kama ni lazima kutoka nje ya mji tena, basi Mambrui, ng'ambo ya mto Sabaki, kiasi cha kilomita 13 kaskazini ya Malindi, ambako pana kaburi la mnara lililopambwa kwa kauri za China. Watoto waliokwisha kuziona kauri za Gede wangeelewa mara moja wanatazama nini, hasa wakielezwa kwamba mwaka 1415 Malindi ilimpelekea mfalme wa China twiga.

Niliwaandikia wenye huduma haya yote, kwa lugha ya heshima, siku ya pili yake. Walijibu. Waliomba radhi kwa kiingilio na kwa duka, wakasema mkahawa utakuwa hiari ya mteja, na kuhusu Mnarani wakasema wateja wengi ndio wanaoitaka iwe siku moja na Gede. Yawezekana. Lakini mteja hajui umbali wala hajui kilichomo. Ni kazi ya mwenye huduma kumwambia kwamba siku moja haitoshi kwa mambo mawili.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayetaka kuchukua safari ya namna hii ni kwamba amchague mwongozaji kabla ya kulichagua gari. Aombe azungumze naye kwa simu, dakika tano tu, amuulize kwa nini Gede ilihamwa. Akijibiwa kwa jibu moja la mkato, atafute mwingine. Akijibiwa kwa makisio yanayotenganishwa na yaliyothibitishwa, ampe kazi na amlipe vizuri. Sisi tulimpa bakshishi mkononi mwake, mbali na ile 14,000, kwa kuwa niliuliza na kuambiwa kwamba sehemu yake katika bei hiyo ni ndogo.

Mwenye mzee au mtoto afike mapema, kabla jua halijawa kali, ingawa ndani ya msitu kivuli kipo kingi. Viatu viwe vya kufunga, kwa kuwa mizizi imepasua njia mahali pengi, na wakati wa masika, kuanzia Aprili, mawe huota ukungu na kuteleza, na mbu huwa wengi. Wanaume waliovaa kaptula na wanawake wasio na ushungi hawakatazwi kuingia, lakini mbele ya msikiti na makaburi shangazi aliwatazama kwa namna ambayo mke wangu alianza kugawa leso alizokuwa nazo mkobani, na wageni wawili walizipokea kwa shukrani.

Anayeitaka Mnarani aombe siku yake mbali, alale Kilifi au aondoke Malindi alfajiri, na amchukue mtu anayeweza kuyasoma yale maandishi hadi mwisho. Sisi tumekwisha kumwomba mwongozaji wetu atupeleke, bila gari la kampuni, shangazi atakaporudi baada ya Ramadhani.